Somo: mwanachuo wa Tanga, ujuzi wa mitandao unaokupa kazi ni upi? (hatua kwa hatua + maswali yenu)

Habari zenu wadau, hasa wadogo zangu mlioko vyuoni. Msimu wa fildi umefika na sivii zinamiminika ofisini, karibia zote kule chini kwenye ujuzi zimeandikwa "mitandao ya kijamii", sasa muulize mwenyewe umewahi kuendesha ukurasa gani, anacheka, anasema mi nipo tu Insta na TikTok kawaida. Jamani, mtu hawi mvuvi kwa kula changu. Ujuzi ni kuandika posti ambayo mtu wa Korogwe asiyekujua kabisa ataisoma, ataelewa bei, atapiga simu, alafu wewe ujue ni kitu gani kilimfanya apige.

Na msiseme haya ni ya waliosoma masoko. Ofisi ndogo za hapa mjini haziwezi kuajiri mtu wa mitandao peke yake, zinachukua karani, mtu wa stoo, dada wa mapokezi kwenye gesti ya Raskazone, alafu zinamwambia na ukurasa utaushika wewe. Kwaiyo wakiwa wawili wenye cheti kimoja, anayeweza kuushika ndo anabaki.

HATUA YA 1: Jitafute mwenyewe
Ingia Google andika jina lako lililoko kwenye cheti, uone kinachotoka. Alaf fungua LinkedIn (mtandao wa mambo ya kazi, waajiri wanatafuta watu humo) kwa jina hilohilo, sio Mtoto wa Mama wala King nani sijui. Ule mstari chini ya jina una nafasi ya herufi 220, usiumalizie kwa kuandika "mwanafunzi" tu, sema unasoma nini na unaweza nini: ugavi, kuhesabu mzigo, Excel, upo Tanga. Uandike kwa Kiingereza maana wanaotafuta watu kule wengi wanatafuta kwa Kiingereza. Picha iwe ya uso, ukutani kwenye mwanga, basi.

HATUA YA 2: Tafuta biashara ya mtu uishike
Hapa ndo penyewe, someni taratibu. Usifungue ukurasa wa kujisifia wewe, tafuta mtu mwenye kazi nzuri asiye na muda wa simu. Ngamiani wamejaa, barabara zote zile kuna fundi. Tuseme fundi makochi. Nenda kwa adabu, "shikamoo mzee, naomba nikushikie ukurasa wa karakana miezi miwili bure, wewe kazi yako kuniita tu kochi likiisha". Wengi watakubali, wakikataa kuna mama mdogo wako anauza vitumbua.

Sasa posti. Wengi wanaandika hivi: "Karibuni wateja wetu wapendwa, makochi ya kisasa kwa bei poa, bei njoo inboksi". Hiyo haimwambii mtu chochote, na hii tabia ya bei inboksi mi naichukia mpaka basi, mtu anaona anataka kupigwa anapita zake. Andika hivi: "Kochi la watu watatu, fremu ya mkongo, laki nne na nusu. Tunapeleka mpaka Muheza, hela ya kirikuu juu yako. Simu hii hapa." Bei na kitu viwe mwanzo kabisa kwa sababu Instagram inaonyesha mstari mmoja miwili, mingine inajificha mpaka mtu abonyeze.

Picha: toeni kochi nje asubuhi, usipigie ndani kwenye maranda na giza alafu uwashe flashi. Na piga picha moja ya fremu KABLA haijavalishwa kitambaa, onyesha viungio na ile mbao yenyewe. Mteja wa makochi ana hofu moja tu, ndani ya kile kitambaa kuna mbao gani. Ukimuonyesha umemaliza nusu ya mazungumzo, na hilo hujifunzi kwenye kozi, unalijua ukikaa pale karakana ukasikiliza wateja wanauliza nini.

HATUA YA 3: WhatsApp Business
Ni bure, ipo tangu 2018, na bado kuna watu wanauzia kwenye WhatsApp ya kawaida. Weka katalogi (orodha ya bidhaa na picha na bei zake), weka majibu ya haraka (mnapatikana wapi, usafiri shingapi), weka lebo kwa wateja: kaulizia, kalipa advansi, kamaliza. Ukiweza hizo lebo tu ofisi yoyote ya mauzo itakuelewa.

HATUA YA 4: Namba
Badili akaunti ya Instagram iwe ya kibiashara, haulipii, ndo utaona takwimu, wangapi wameiona posti, wangapi wameihifadhi. Lakini namba kubwa ipo kwenye daftari: kila anayepiga muulize "umetuonea wapi?" uandike na tarehe. Posti ya laiki mia ambayo hakupiga mtu, na posti ya laiki tisa iliyouza kochi, ipi nzuri? Hapo ndo utajua.

HATUA YA 5: Sivii
Futa "mitandao ya kijamii". Andika "Niliendesha ukurasa wa karakana ya makochi Ngamiani, mwezi fulani hadi fulani, posti tatu kwa wiki, simu kadhaa za wateja na oda kadhaa", namba uzitoe kwenye lile daftari, usipike. Ukitaka cha kuongezea, Meta Blueprint (ya Meta, wenye Facebook na Instagram) na HubSpot Academy zina kozi za bure mtandaoni za haya mambo.

MASWALI YENU

Shikamoo dada. Mi nasoma uhasibu, hizi habari zinanihusu vipi?
Marahaba. Zinakuhusu. Chukua video fupi ueleze mama wa genge anavyotenganisha hela ya mtaji na hela ya kula kwa daftari la kawaida. Mwajiri akiona unamuelewesha mtu asiye mhasibu, wewe ndo utapelekwa kuongea na wateja, wenzako watabaki na mafaili.

Dada bando ndo tatizo, na simu yangu tochi ina kamera kuliko yenyewe 😂
Andika maneno yote ukiwa huna bando, kwenye notsi, ukifika kwenye waifai ya chuo unatupia za wiki nzima. Meta Business Suite, programu ya Meta ya kuendeshea kurasa za Facebook na Instagram, inakuruhusu kuzipangia siku na saa ya kutoka. Kamera mbovu inasaidiwa na jua la asubuhi.

Nina posti za zamani Facebook, za utoto, matusi ya mpira wa Coastal na African Sports, nifungue akaunti mpya?
Hamna haja. Kwenye mipangilio ya faragha kuna sehemu ya kubana posti za zamani, zilizokuwa wazi kwa kila mtu zinabaki kwa marafiki tu. Za Instagram zitie kwenye akiba (archive), hapo unaziona wewe tu. Ila matusi yafute kabisa, hata rafiki anapiga skrini.

Mi nasoma uuguzi, naweza kuposti nikiwa fildi wodini?
Picha ya mgonjwa HAPANA, hata kama uso umezibwa, hata faili lake kwa mbali. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na bila sheria pia sio utu. Posti elimu, kunawa mikono, kliniki ya wajawazito, bila mtu ndani. Na umuombe incharji kwanza.

Nimeona tangazo kwenye grupu, ajira za bomba la mafuta Chongoleani, wanataka elfu 30 ya fomu itumwe kwa namba ya mtu. Nitume?
Usitume. Bomba lipo kweli, linatoka Hoima Uganda, kilomita 1,443, ndo maana matapeli wanalitumia, jina linaaminika. Mwajiri wa kweli hauzi fomu kwa namba ya mtu binafsi. Nenda tovuti ya kampuni yenyewe uone kama nafasi ipo, za serikali zipo kwenye Ajira Portal na kuomba ni bure. Liripoti hilo tangazo na uwaambie na wenzako kwenye grupu.

Mafolowa wa kununua vipi, elfu kumi unapata wengi tu?
Hao ni maranda ya fundi, wengi lakini hawanunui kitu. Hiyo elfu kumi nunulia bando.

Fundi akinogewa akataka niendelee bure baada ya miezi miwili?
Muombe asilimia kidogo kwa kila oda iliyokuja kupitia ukurasa, daftari unalo. Akigoma, mkabidhi nywila zake vizuri, omba barua fupi yenye namba yake ya simu, uende kwa fundi wa barabara ya pili.