Namna ya Kuukagua Ujumbe wa Kifurushi Kilichozuiliwa Forodhani

Wateja huniletea simu zenye ujumbe wa barua pepe unaofanana: kifurushi kutoka Uingereza kimezuiliwa forodhani, na ada ndogo inatakiwa ilipwe kwa kadi za zawadi za Apple au Steam. Hivi ndivyo ninavyoukagua.

Hatua ya kwanza: Bonyeza kitufe cha kujibu bila kutuma chochote, kisha usome anwani inayojitokeza. Aghalabu jina la kampuni ya usafirishaji huwa pambo la mbele tu, na majibu huelekezwa kwenye sanduku la bure la Gmail.

Hatua ya pili: Chunguza namba ya ufuatiliaji. Namba za posta ya kimataifa hufuata kiwango cha Umoja wa Posta Duniani, yaani herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi kilikotoka kifurushi, ambazo kwa Uingereza ni GB. Tarakimu ya tisa ni ya ukaguzi: zidisha nane za mwanzo, kwa mfuatano, kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7, jumlisha, gawanya kwa 11, kisha toa baki kutoka 11 (ukipata 10 andika 0, ukipata 11 andika 5). Kwa 47312482 jumla ni 200 na baki ni 2, hivyo ya tisa lazima iwe 9. Anayebuni namba kichwani ni nadra kuipatia, ingawa anaweza kunakili ya kifurushi halisi. Kwa hiyo iingize mwenyewe kwenye tovuti ya posta, bila kupitia kiungo ulichotumiwa. Kampuni binafsi zina mifumo yao.

Hatua ya tatu: Tazama njia ya malipo. Nchini Tanzania ushuru hulipwa kwa namba ya kumbukumbu, ile tuliyozoea kuiita kontrol namba. Kadi ya zawadi, kama vocha ya simu, ni mali ya yeyote anayeijua namba iliyokwanguliwa, na hakuna forodha inayoipokea. Ujumbe ukiidai, ni utapeli, na hapa mimi huacha kukagua, hata kama hatua za mwanzo hazikuonyesha kasoro.

Hatua ya nne, kwa aliyekwisha kutuma: Tunza kadi na risiti, wasiliana mara moja na kampuni iliyoitoa kadi, maana salio ambalo halijatumika laweza kuzuiwa, kisha upeleke ujumbe wote polisi bila kufuta hata mmoja. Utadaiwa tena, safari hii bima au ada ya ghala, usilipe. Na akitokea «wakili» anayeahidi kukurudishia fedha kwa malipo ya awali, mkague kuanzia hatua ya kwanza.