Saa mbili ya nani? Kufanya kazi na Denver, London na Manila ukiwa Dar

Mwezi wangu wa kwanza kazini, mwenzangu mmoja wa Nairobi aliniandikia: "Tuonane saa tatu tupitie yale mafaili." Saa tatu asubuhi nimeshaoga, nimevaa blauzi ya vikao, nimekaa mbele ya kompyuta na chai ya tangawizi. Hakutokea mtu. Nikalala kwa hasira. Saa tisa alasiri simu ikalia: "Dada, mbona hujaingia?" Kumbe saa tatu yake ni 3:00, saa ya Kizungu iliyovishwa maneno ya Kiswahili. Dar na Nairobi saa ni ileile, lugha ni ileile, na bado tumepishana saa sita. Sasa ongeza Denver hapo.

Ninakaa Temeke. Ninajibu wateja wa programu ya uhasibu ya kampuni moja ya Marekani, mwaka wa nne huu. Bosi yuko Denver, mafundi wako London, na anayepokea zamu yangu yuko Manila. Zamu yenyewe inaanza saa mbili usiku, inaisha saa kumi alfajiri. Wanaoniuliza "dada unawezaje" huwa nawaambia haya.

Kwanza, tenganisha saa ya mdomoni na saa ya kwenye maandishi. Nyumbani nasema saa mbili usiku, na sitaacha. Jua letu linachomoza karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, kwa hiyo kuhesabu kuanzia hapo kuna akili yake. Lakini chochote cha kazi kinachoandikwa, nakiandika kwa tarakimu za saa 24, na jina la mji, na siku, na tarehe: "Alhamisi 6 Machi, 18:00 Dar, 15:00 London". Hata nikimwandikia Mtanzania mwenzangu. Usiandike "saa 6 jioni", hiyo si ya kwetu wala si ya kwao. Na jina la mwezi liandike kwa herufi, maana 03/04 kwa Mmarekani ni tarehe 4 Machi, kwako ni tarehe 3 Aprili.

(Kuna mji mmoja tu kati ya ninaohudumia ambao haunipi shida: São Paulo. Uko nyuma yetu saa sita kamili, na Brazili iliacha kubadilisha saa mwaka 2019. Basi saa tisa alasiri ya Dar, saa ya ukutani kule inasoma 9. Kila saa yao inasoma Kiswahili bila wao kujua.)

La pili ndilo linalowaangusha wengi: sisi hatuhami, wao wanahama. Dar ni UTC+3, yaani saa tatu mbele ya saa ya kimataifa, Januari hadi Desemba. Marekani wanapeleka saa zao mbele kwa saa moja Jumapili ya pili ya Machi, wanazirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Uingereza wanangoja Jumapili ya mwisho ya Machi, na wanarudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kwa hiyo Denver iko nyuma yetu saa 10 wakati wa baridi yao na saa 9 wakati wa joto lao. London saa 3, kisha 2. Manila wametulia kama sisi, wako mbele saa 5 daima.

Angalia ilivyonitokea Machi 2025. Kikao chetu cha wiki ni saa 8:00 asubuhi ya Denver. Mwanzoni mwa mwezi hiyo ilikuwa 18:00 Dar, na tulikuwa kwenye Ramadhani. Nusu saa tu ya kikao, adhana ya magharibi inaingia, nazima maikrofoni, natafuna tende huku bosi anasoma takwimu. Tarehe 9 Marekani wakahama, kikao kikashuka hadi 17:00, nikapata nafasi ya kukoroga uji na kukaa mkekani na watu. Lakini London walikuwa bado hawajahama hadi tarehe 30, hivyo fundi wetu wa kule aliyezoea kuingia saa 15:00 yake alichelewa saa nzima. Wiki iliyofuata akachelewa tena!

Dawa yake: kikao kiwekwe kwenye kalenda kwa saa za mji wa mwenye kikao, si kwa saa zako. Ukikiweka kwa saa za Dar, kitabaki palepale wakati Denver imeshasogea. Kwenye mipangilio ya kalenda ongeza safu ya pili ya saa, ili Dar na Denver zikae ubavu kwa ubavu. Mimi pia nimebandika karatasi ukutani yenye zile Jumapili nne za kuhama. Ukifanya kazi na Sydney ongeza mbili, Oktoba na Aprili, kwa sababu wao majira yao ya joto ni baridi ya wenzao. Na ukiwa na mteja wa Moroko, jua kwamba kule saa hurudishwa nyuma kwa ajili ya Ramadhani kisha huwekwa tena mbele.

Kuhusu siku: "Ijumaa jioni" ya Denver, tuseme 17:00, kwetu ni saa nane au saa tisa usiku wa kuamkia Jumamosi. Kiswahili hapa kimetuzidishia utajiri: hilo neno "kuamkia" linakueleza usiku upo kati ya siku gani na gani. Kwenye kijitabu changu naandika hivyohivyo, "kuamkia Jumamosi", na sijawahi kupotea.

Halafu kuna kuandikiana. Ukimuuliza mtu wa Denver swali nusu, hilo swali linakula siku nzima. Zamani nilikuwa naandika, "Habari, nina shida na akaunti ya mteja." Jioni yake anajibu, "Shida gani?" mimi nimelala. Siku hizi ujumbe mmoja unabeba namba ya mteja, picha ya skrini, nilichojaribu, na mwisho: "Usiponijibu kabla ya 23:00 Dar nitamrudishia mteja pesa yake." Nikikabidhi zamu kwa Manila naandika mistari mitatu: kilichoisha, kilichobaki, na mteja aliyekasirika. Huyo wa tatu ndiye muhimu. Salamu ndefu weka siku ya kikao.

Kabla hujasaini mkataba uliza saa zipi ni za lazima na zipi unajipangia. Waambie wakuandikie. "Tuko huru na saa" niliyoambiwa mimi ilikuwa na maana ya saa za Denver.

Sasa umeme. Usiku mmoja, saa nane, niko kwenye simu na bosi na mteja mkubwa, giza. Majirani wote wana taa. Luku imekwisha, na kosa ni langu, nilisahau kununua. Kompyuta ina chaji lakini ruta imekufa. Nikanunua umeme kwa simu, tokeni ikaja, tarakimu 20, na mita yetu iko koridoni juu ya ndoo za mama Salma. Tochi mdomoni, mguu mmoja kwenye ndoo iliyofunikwa, nabonyeza. Tarakimu moja nikakosea. Nikaanza upya. Niliporudi wamenisubiri dakika kumi na moja. Tangu hapo natazama uniti kila Jumatatu kabla ya zamu, bando la simu liko tayari la kushika ruta ikizima, na tokeni naingiza mchana.

Usingizi ndio mgumu kuliko yote, kwa sababu mtaa hauujui. Baada ya zamu nakabidhi, nasali alfajiri, nafunga pazia zito, nalala hadi saa sita mchana. Lakini saa nne asubuhi ndiyo saa ya muuza samaki, ya mtoto aliyetumwa chumvi, na ya mama yangu anayepiga kuniuliza kama nimeshaamka. Kumweleza mama Denver nilishindwa. Nikamwambia, "Mama, mimi ni kama mlinzi wa usiku," akaelewa papo hapo, sasa anapiga alasiri. Kwa wapangaji wenzangu nilitumia kanga: ikiwa imetundikwa mlangoni, nimelala. Jina lake linahusu wivu, halina lolote na usingizi, ila watoto wameshajua. Wakiiona wanahamishia mpira upande wa chooni.