Wimbo Mpya au Marudio? Jinsi ya Kupima Ubunifu kwa Sikio

"Nyimbo za siku hizi zote ni zile zile." Kauli hii huweza kuwa kweli kwa wimbo mmoja na uongo mtupu kwa unaofuata. Uzuri ni kwamba inapimika. Kinachohitajika ni hedifoni, karatasi na kama nusu saa kwa kila wimbo. Usitumie spika ya simu: haitoi besi ya chini, na katika muziki wa sasa sehemu kubwa ya kazi ya prodyuza iko huko chini.

Anza kwa kuchagua nyimbo za kulinganisha, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu kabla hata ya kusikiliza. Mtu huchukua wimbo wa juzi uliomkera, akauweka kando ya wimbo wa zamani anaoupenda. Hiyo si haki. Nyimbo za zamani zimeshachujwa na miaka. Mbovu zimesahaulika, zimebaki zilizostahili kubaki. Tumia orodha kamili ya nyimbo zinazovuma katika wiki moja. Billboard Hot 100 ya Marekani, kwa mfano, ipo tangu 1958. Chukua nafasi ya 1, 20, 40, 60 na 80 za wiki hii, kisha nafasi hizo hizo za wiki kama hii miaka 30 iliyopita. Usibadilishe hata mmoja kwa sababu haukufurahishi. Utashangaa nafasi ya 60 ya zamani ilivyokuwa ya kawaida.

Jambo la pili ni ukubwa wa sauti. Sikio hudanganyika kirahisi: kati ya rekodi mbili, inayosikika kwa nguvu zaidi huonekana bora. Rekodi mpya nyingi zimekandamizwa ili zisikike kubwa, basi punguza hadi sauti ya mwimbaji wa leo ilingane na ya yule wa zamani.

Sasa sikiliza wimbo mara tano, kila mara kitu kimoja tu.

Mara ya kwanza ni kordi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja. Fuata besi, uvumishe noti yake ya chini kila unapohesabu "moja" katika moja-mbili-tatu-nne. Mara nyingi utakuta kordi nne zinazozunguka, na mzunguko maarufu kuliko yote ni wa 1-5-6-4 (namba ni nafasi ya kordi katika skeli, 1 ikiwa ndiyo nyumbani), yaani C, G, Am, F ukipiga katika C. Ukiukuta, uandike na uendelee. Usiupunguzie wimbo alama kwa sababu hiyo. Kordi ni kama msingi wa nyumba, na bluzi imejengwa juu ya vipimo vile vile 12 (kipimo ni hesabu moja ya moja hadi nne) kwa zaidi ya miaka mia bila kuishiwa. Hata mahakama zimelazimika kulitazama jambo hili: mwaka 2023, jopo la wazee wa mahakama mjini New York liliamua kwamba Ed Sheeran hakuiba wimbo wa Marvin Gaye, katika kesi iliyohusu zaidi mfuatano wa kordi. Kinachostahili alama hapa ni kitu cha ajabu kweli: mzunguko wa vipimo vitatu au vitano, kordi inayoingia kabla ya zamu yake, au wimbo unaokataa kurudi nyumbani kwenye kordi ya 1.

Mara ya pili sikiliza ngoma. Kuazima si kosa. Mwaka 1969 mpiga ngoma wa The Winstons, Gregory Coleman, alipiga vipimo vinne, kama sekunde saba tu, na kipande hicho kikakatwakatwa, kikaharakishwa, hadi mitindo mizima ya muziki wa Uingereza ya miaka ya 1990 ikasimama juu yake. "Umbrella" ya Rihanna, ya mwaka 2007, imejengwa juu ya mdundo uliokuwemo tayari ndani ya GarageBand, programu ya kompyuta ya kutengenezea muziki. Kila aliyekuwa na programu ile alikuwa nao. Basi usiulize mdundo umetoka wapi, uliza umefanywa nini. Umekatwa? Umegeuzwa? Kuna pigo lililoondolewa mahali sikio lililitegemea?

Mara ya tatu ni sauti ya mwimbaji, na hapa usiwe na haraka. Ubunifu mwingi wa sasa umehamia huku, na ndiko wasikotazama wanaolalamika. Andika maneno ya mstari wa kwanza wa ubeti. Gonga meza kwa kidole mapigo manne, na zungushia duara kila silabi inayoangukia kidole. Fanya hivyo kwa mistari minne. Kama kila mstari unaanza juu ya pigo la 1 na kufunga juu ya la 4, na duara zako zimepangana wima kama mahindi shambani, wimbo unatembea njia iliyokwisha kukanyagwa. Kama mstari wa pili unaanza nusu pigo baadaye, wa tatu ukavuka mpaka wa kipimo na kumeza mwanzo wa wa nne, umeshika kitu. Melodi inaweza kuwa na noti tatu tu. Utajiri wake ukawa katika mahali pa silabi. Anayehesabu noti peke yake ataiita maskini, na atakuwa amekosea.

Hapo hapo sikiliza Auto-Tune. Programu hii ya kusahihisha noti za mwimbaji, iliyobuniwa na Andy Hildebrand, ilitoka 1997, na mwaka uliofuata "Believe" ya Cher ikaitumia kwa kasi ya juu kabisa ya kusahihisha, sauti ikawa inaruka kutoka noti hadi noti bila kuteleza. Wakati ule ilikuwa mshtuko. Leo ni kitufe, kwa hiyo uwepo wake hauleti alama wala hauondoi. Angalia kama inabadilika ndani ya wimbo: imewekwa kwenye neno linalouma ikaondolewa kwenye jingine, au imemwagwa tu kote?

Mara ya nne chora mpangilio. Gawa wimbo katika visanduku vya sekunde 15. Wimbo wa dakika tatu una visanduku 12. Katika kila kimoja andika kilichoingia na kilichotoka. Usishangae kiitikio kikija mapema: Spotify huhesabu wimbo kuwa umesikilizwa baada ya sekunde 30, hivyo utangulizi mrefu umekuwa hatari. Tazama visanduku vya 7 hadi 10. Mtayarishaji mvivu hunakili kiitikio cha kwanza na kukibandika tena bila kugusa kitu. Weka pia alama ya kuuliza kwenye kila mlio usioweza kuutaja jina. Katika "Bad Guy" ya Billie Eilish, 2019, kuna mlio wa taa za kuvukia barabara uliorekodiwa Australia. Alama za kuuliza mbili au tatu ni dalili njema.

Mara ya tano ni mashairi, na hii ni fupi. Pigia mstari majina ya vitu na mahali. Kama yote yangeweza kuhamia wimbo mwingine wa mapenzi bila mtu kugundua, andika hivyo.

Watakaokubishia watataja utafiti wa 2012 katika jarida la Scientific Reports, uliochambua rekodi 464,411 za mwaka 1955 hadi 2010 na kukuta mifuatano ya noti na rangi za sauti zikipungua utofauti, huku sauti ikizidi kuwa kubwa. Ni utafiti wa kuheshimiwa. Ila unaeleza mwelekeo wa jumla, haukupima mashairi, na hauwezi kuhukumu wimbo ulio masikioni mwako. Angalia pia nani amekuchagulia nyimbo. Programu inayokupa kila mara kinachofanana na cha jana itakufanya uamini dunia nzima inafanana.

Usijumlishe alama. Jaza sentensi moja: "Wimbo huu ungekuwa wimbo mwingine kama ungeondoa ______." Ukiweza kuandika kitu mahsusi, tuseme ukimya wa kisanduku cha 8 au mstari wa tatu unaovuka kipimo, kuna ubunifu, hata kama wimbo hauupendi. Ukibaki na jina la mwimbaji tu, ni marudio. Rudia baada ya wiki mbili bila kutazama karatasi ya kwanza. Sentensi zikitofautiana, rudi kwenye usikilizaji ule wa tatu, wa silabi na duara zako, kwani mara nyingi kosa liko pale.