Mgonjwa wa moyo karudi nyumbani, gawaneni kazi msijazane sebuleni

Mtu akilazwa hospitali ya Bugando hapa Mwanza kwa shambulio la moyo ndugu wanafurika wodini, siku akiruhusiwa kila mtu anashusha pumzi, wiki mbili mbele kabaki yeye na mkewe na mfuko wa dawa. Hapo sasa ndo shughuli yenyewe inaanza. Mshipa unaolisha moyo damu uliziba, sehemu ya msuli wa moyo ikakosa damu ikaumia, na kidonda hicho kinachukua wiki kadhaa kuwa kovu, kwa hiyo hata kama anapiga stori na kucheka msimwone kapona.

Lile grupu la WhatsApp la michango msilifunge, ligeuzeni la kazi. Kila kazi na mtu wake, maana ikiwa ya wote haitafanywa. Na ukimuuliza mgonjwa "nikusaidie nini" atakwambia hamna, nipo tu, so usiulize, mwambie "shikamoo baba mdogo, Alhamisi saa mbili nakupitia twende kliniki".

Kazi nzito ni ya dawa. Mara nyingi anatoka na aina nne tano: aspirini ndogo na mwenzake wa kuzuia damu kuganda, ya kolestro, ya kutuliza mapigo, ya presha. Akijisikia poa anaziacha, au hela imekata anaruka siku kimya kimya, na kama mshipa wake umewekewa stenti, yaani kijibomba cha wavu cha kuuacha wazi, kuacha ghafla hizo za kuzuia damu kuganda kunaweza kuuziba upya. Chagueni msimamizi wa dawa, kila Jumapili ahesabu vidonge kwenye karatasi zake, vikibaki vya wiki moja apige picha atupie kwenye grupu, vinunuliwe kabla havijaisha. Na shangazi mwenye chupa ya mizizi aambiwe kwa heshima kwamba daktari aulizwe kwanza.

Mazoezi ni kutembea, daktari akiruhusu. Dakika tano tambarare, mnaongeza polepole wiki hadi wiki mpaka nusu saa, na awe anaweza kuongea huku anatembea, akishindwa mmezidisha. Sasa sisi wa Mabatini na Igogo nyumba zipo juu ya mawe, tambarare utaipata wapi? Ongeeni na majirani wa njiani, huyu atoe stuli hapa, yule kiti cha plastiki pale juu, mgonjwa anapanda kidogo anakaa. Kijana wa nyumbani amsindikize, ila asimshike mkono kama mtoto, wazee hawapendi hiyo.

Wageni waje wachache wachache, nusu saa inatosha. Yule wa "hata fulani alianza hivi hivi" na yule wa kuuliza karogwa na nani, huyo mmalizane naye mlangoni.

Chakula cha nyumba nzima kibadilike, msimpikie kisufuria chake pembeni, inamnyong'onyeza. Sato wa kuchemsha na ndimu, mboga nyingi, mafuta kidogo, kayabo, yule samaki wa kukaushwa kwa chumvi, muache kabisa. Chumvi ya siku kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na humo ni pamoja na iliyomo kwenye mkate na mchuzi.

Halafu huzuni. Mtu alikuwa anabeba matenga soko la samaki la Mwaloni, leo anakatazwa hata ndoo, atanuna, hatalala, atakasirikia watoto. Mpeni kazi ya kichwa, ashike hesabu, apige simu za wateja, ila huzuni ikipita wiki mbili isemwe kliniki, inatibika, na asiyetibiwa mara nyingi dawa za moyo nazo anazitelekeza. Mambo ya chumbani mke na mume wamuulize daktari bila aibu, hasa kabla mzee hajanunua vidonge vya nguvu za kiume, vikikutana na dawa ya maumivu ya kifua ambayo baadhi ya wagonjwa wa moyo wanaiweka chini ya ulimi, presha inaweza kuporomoka vibaya.

Mwisho, gari la usiku. Kubalianeni mapema nani mwenye gari na namba yake ibandikwe ukutani. Kifua kikibana, maumivu yakienda taya au mkono, jasho la baridi, pumzi kukata, hospitali muda huo huo, msisubiri kuche. Mwenye kisukari anaweza asisikie maumivu, akachoka tu ghafla na kichefuchefu. Na kama kwao ni Ukerewe au kisiwa kingine, wiki za kwanza akae kwa ndugu hapa mjini, mtumbwi wa usiku sio ambulensi.