Kutoka Nairobi hadi Kisiwa cha Wasini: Angalia Maji Kabla ya Kukata Tiketi

Wakazi wengi wa Nairobi hupanga likizo ya Pwani kwa kukata tiketi ya treni, kisha kutafuta mahali pa kulala, na mwisho kabisa kuuliza huko waendako kuna nini. Kwa Wasini mpango huo huenda kombo. Kisiwa hiki kinaendeshwa na maji: yanajaa saa ngapi, yanakupwa saa ngapi, na upepo unaovuma ni kaskazi au kusi. Chagua tarehe kwa kuangalia maji, tiketi itafuata.

Wasini iko Kwale, kusini kabisa mwa pwani ya Kenya, mkabala na Shimoni na karibu na mpaka wa Tanzania. Ina urefu wa kilomita tano hivi, upana wa kilomita moja hivi, na haina magari. Kijiji cha Wasini kiko upande wa magharibi, Mkwiro upande wa mashariki. Kusini yake kuna hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti: eneo la Kisite, kilomita 28 za mraba, ambako uvuvi wote umepigwa marufuku, na eneo la Mpunguti, kilomita 11 za mraba, ambako uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Tofauti hiyo utaiona ukitia uso majini, maana samaki wa Kisite hawaogopi watu.

Tuseme ukweli mapema: Wasini ni kisiwa cha mwamba wa matumbawe. Mchanga upo sehemu chache tu, na fungu la mchanga la Kisite huonekana maji yakipwa pekee. Anayetaka kutandaza kanga ufuoni na watoto wajenge nyumba za mchanga alale usiku mbili kwenye ufuo wa Diani kwanza, kisha aje Wasini kwa pomboo na matumbawe. Safari ya siku nne au tano inatosha yote mawili.

Kuchagua tarehe

Anza na msimu. Kuanzia Desemba hadi Machi huvuma kaskazi: jua kali, bahari angavu, na chini ya maji unaona mbali. Oktoba na Novemba bahari hutulia, ingawa mvua za vuli zinaweza kukukuta. Kusi huanza Aprili na hupamba moto Juni hadi Agosti. Mawimbi huwa makubwa, maji huchafuka, na baadhi ya wenye mashua husimamisha kazi wakati wa masika, hasa Mei na Juni. Likizo ya shule ya Agosti bado inawezekana, na ina faida yake: kati ya Julai na Septemba nyangumi wenye nundu hupita pwani hii. Lakini panga siku moja ya akiba, nahodha akikataa kutoka leo utoke kesho. Nahodha anayekataa ndiye wa kurudiwa.

Ukishapata mwezi, tafuta siku kwa kufuata mwezi wa angani. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikikaribia mita nne bamvua likiwa kubwa. Wiki moja baadaye huja maji mafu, tofauti ikiwa mita moja hivi. Katika pwani yetu bamvua lina saa zake: maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kati ya saa nne na saa tano, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi.

Siku zenyewe za bamvua, mkondo wa maji huwa na nguvu na mwogeleaji asiye na uzoefu huchoka upesi. Siku za maji mafu mkondo ni mpole, lakini maji huwa yamejaa karibu saa nne asubuhi, fungu la mchanga halionekani, na bustani ya matumbawe kisiwani hupoteza nusu ya uzuri wake. Tunapendekeza siku ya tatu hadi ya tano baada ya mwezi mpevu au mwandamo. Hapo maji hupwa kati ya saa saba na saa nane unusu mchana, na mkondo umeanza kupungua. Hakikisha kwa jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa, ambalo Mamlaka ya Bandari hulitoa kila mwaka. Saa zake huandikwa kwa mtindo wa saa 24: 13:00 ni saa saba mchana, na wengi hukosea hapo.

Angalia pia kama tarehe zako zinaangukia Ramadhani. Hakuna anayekukataza kwenda, ila wenyeji wengi ni Waislamu, migahawa mingi hufungwa mchana, na mabaharia wako watakuwa wamefunga huku wakifanya kazi juani. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo usitegemee kumbukumbu ya mwaka jana.

Kufika

Tiketi ya SGR, treni ya Nairobi hadi Mombasa, hukatwa kwa kupiga *639# au kwenye tovuti ya shirika la reli, na hulipiwa kwa M-Pesa. Daraja la kawaida ni shilingi 1,500 na daraja la kwanza 4,500 tangu Januari 2024. Desemba na wikendi za sikukuu tiketi huisha mapema mno, basi kata mara tu tarehe za maji zikishakubalika nyumbani. Fika stesheni ya Syokimau saa nzima kabla ya treni kuondoka, na kitambulisho mkononi: mizigo hupangwa chini ikanuswa na mbwa, kisha hupita kwenye mashine. Visu na makopo ya dawa ya kupuliza viache nyumbani. Chukua dawa ya mbu ya kupaka. Kwa kwenda stesheni, treni ya abiria kutoka mjini ni salama kuliko kubahatisha na msongamano wa Mombasa Road.

Treni ya asubuhi hufika Miritini, stesheni ya Mombasa, alasiri. Kutoka hapo hadi Shimoni bado una kivuko cha Likoni na kilomita 75 hivi za barabara, nawe hutaki kutafuta mashua gizani. Lala Ukunda au Diani. Treni ya alasiri hufika usiku, na hesabu ni ileile. Treni ya usiku hukufikisha kabla ya alfajiri, na anayeweza kulala ameketi atafika Shimoni asubuhi. Wenye watoto wadogo wasijaribu. Ndege za kwenda Ukunda huchukua kama saa moja, na huondoa kivuko kabisa kwenye hesabu.

Likoni, mtembea kwa miguu halipi. Ng'ambo ya pili tafuta matatu ya Shimoni moja kwa moja. Ukiikosa, panda ya Lunga Lunga, ushuke njia panda ya Shimoni, umalizie kwa bodaboda au tuktuk. Wenye gari au teksi wanaweza kuepuka kivuko kwa kupita barabara ya Dongo Kundu.

Toa pesa taslimu Ukunda. M-Pesa hufanya kazi Shimoni na kisiwani, lakini mtandao ukilala ndipo utakapojua thamani ya noti za mia.

Mashua na ada

Ada ya hifadhi hulipwa kwa KWS, shirika la wanyamapori, kupitia eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, si kwa pesa taslimu. Viwango vilifanyiwa mabadiliko 2025, kwa hiyo tazama bei kwenye tovuti siku unayolipa, wala usifuate bei uliyotumiwa na rafiki. Kiwango cha raia kinahitaji kitambulisho. Bila hicho utahesabiwa mgeni, na tofauti inauma.

Mashua ndiyo sehemu ya kujadiliana. Unapozungumza na nahodha au mwenye mashua Shimoni, pata majibu haya kabla ya kutaja bei: je, ada ya KWS imo ndani? Chakula cha mchana kimo? Mtapiga mbizi mara ngapi, na kwa muda gani? Miwani, mrija na mapezi ya miguu yamo, na saizi za watoto zipo? Abiria watakuwa wangapi? Lipa sehemu, salio mkirudi. Malalamiko mengi huzaliwa na neno «kila kitu» lililotamkwa bila kuorodheshwa.

Halafu tazama chombo chenyewe. Jaketi la kuokolea liwepo kwa kila mtu, pamoja na dogo kwa kila mtoto, na vifungo vifunge. Ukiambiwa jaketi «yako huko chini», omba yaletwe juu. Uliza kama kuna injini ya akiba. Mashua yenye turubai la kivuli ni bora, kwa sababu jua la saa sita baharini huunguza hata ngozi nyeusi.

Mwenye kichefuchefu ameze kidonge chake nusu saa hadi saa moja kabla ya kupanda. Akisubiri tumbo lianze kuvuruga, kidonge hakitakaa. Aketi nyuma au katikati, atazame upeo wa macho, aache simu. Tangawizi inasaidia wengine, njaa haimsaidii mtu yeyote.

Siku ya baharini

Kwa tarehe tulizopendekeza, ondoka Shimoni saa tatu asubuhi. Pomboo hutafutwa kwanza, katika mlango wa bahari kati ya Shimoni na Wasini na kuelekea Mpunguti. Wanaoonekana zaidi ni wale wenye pua kama chupa. Wenye nundu ni wachache na huona haya. Nahodha apunguze mwendo, asiwakate njia, asiingie katikati ya kundi, na asimfuate mama mwenye mtoto. Mashua tatu zikiwa tayari zimewazunguka, mwambie apite tu. Pomboo wakifukuzwa huzama na kuibukia mbali, kwa hiyo haraka yenyewe ndiyo inayowapoteza. Kuwarukia majini ni upuuzi: hamtawafikia.

Kisite mfike karibu saa tano. Jaribu miwani ungali mashuani: iweke usoni bila kamba, vuta hewa kwa pua, uiachie. Ikishika, inakufaa. Ikidondoka, omba nyingine. Wenye nywele za kusuka wahakikishe hakuna hata uzi mmoja uliopita chini ya mpira, maana maji hufuata hapo hapo. Wenye masharubu wapake vaselini juu ya mdomo. Mate yaliyosuguliwa ndani ya kioo na kusuuzwa huzuia ukungu.

Asiyejua kuogelea bado anaweza kuona, akivaa jaketi na kushika boya linalovutwa na baharia. Kila mtu awe na mwenzake. Anza kuogelea dhidi ya mkondo ili urudi nao ukiwa umechoka. Usisimame juu ya matumbawe kamwe: huvunjika, hukata miguu, na kati yake kuna viumbe weusi wenye miiba mirefu inayokatikia ndani ya nyayo. Utaona samaki kama pono wakitafuna mwamba na taa wakijizika mchangani, na ukibahatika kasa. Ng'amba, mwenye mdomo kama wa ndege, huwa adimu kuliko kasa wa kawaida. Vaa fulana ya mikono mirefu majini, kwa sababu mgongo ndio unaoungua na hutausikia hadi usiku.

Usichukue kombe wala kipande cha tumbawe, hata kilichokufa. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi zote tangu Juni 5, 2020. Beba chupa ya chuma.

Saa nane mko Wasini mkila wali wa nazi, samaki na kaa. Wanaotembea kijijini wafunike mabega na magoti, na nguo za kuogelea zibaki mashuani. Omba ruhusa kabla ya kupiga mtu picha. Kisha pitia bustani ya matumbawe, ambako akina mama wa kisiwa wanaendesha njia ya mbao juu ya mikoko na miamba ya kale iliyochongwa na bahari. Maji yakiwa chini unaweza kuona miguu ya miamba hiyo, ndiyo maana tulihangaika na mwezi.

Ukilala kisiwani, oga kwa ndoo na kwa kiasi. Maji matamu ni adimu, na kwa muda mrefu wenyeji wametegemea ya mvua. Nunua maji ya kunywa Shimoni, lita tatu kwa mtu kwa siku.

Kwa siku ya akiba, hifadhi ya Shimba Hills haiko mbali: ndiko peke yake nchini unakoweza kumwona swala aitwaye palahala porini, na tembo wapo. Kutoka barabara kuu unakatia Kombani kuelekea mji wa Kwale. Mbega wa Diani hawana haja ya safari, wako kwenye miti ya hoteli, na wasilishwe.

Malaria

Nairobi haina malaria ya kutisha, Kwale inayo. Muulize mfamasia au daktari kuhusu dawa ya kinga kabla ya kuondoka, kwa kuwa nyingine huanzwa siku kadhaa mapema na huendelea baada ya kurudi. Lala ndani ya neti, paka dawa kuanzia magharibi. Dalili huanza siku ya saba au baadaye, mara nyingi ukiwa umesharudi kazini. Homa yoyote ndani ya wiki kadhaa isiitwe mafua: nenda upimwe siku hiyo hiyo, na mwambie daktari ulikuwa Pwani.