Namna ya kuzielewa protini zinazofungua na kufunga kromatini

Kama unasoma baiolojia na umekwama kwenye hii mada ya kromatini, yaani DNA ikiwa imefungwa pamoja na protini zake, usianze na majina ya protini, utachoka bure. Anza na kanga. Kanga ikikunjwa sandukuni jina lake lipo palepale, halijafutika, ila hakuna wa kulisoma mpaka mtu aikunjue. Jeni nazo ndo hivohivo, seli ya ini na seli ya ubongo zina DNA ileile, kinachotofautiana ni wapi pamekunjuliwa.

Sasa chukua penseli. Chora duara, hilo ni fungu la histoni 8, yaani protini ambazo DNA inazizunguka, lizungushie uzi karibu mara mbili, hapo una jozi 147 za herufi za DNA na jina lake nyukliosomu. Chora tano mfululizo, halafu weka alama ya mwanzo wa jeni palepale duara lilipokalia, utaona polimerasi, kimeng'enya kinachosoma jeni, haina pa kukanyaga. Protini zetu za kufungua na kufunga zinatumia nguvu ya ATP, mafuta ya seli, kulisukuma duara pembeni au kuling'oa kabisa. Futa, sogeza, jeni imefunguka. Chora kwa mkono wako tafadhali, kuitazama tu picha ya kitabuni haitoshi. Na sio zote zinafungua, kundi moja la protini hizi liitwalo ISWI mara nyingi linayapanga maduara kwa nafasi sawasawa na jeni inaweza kufungwa.

Ukimaliza nenda kwa inzi wa matunda, Drosophila. Dume ana vitana vya nywele ngumu miguu ya mbele tu. Jeni ya Polycomb ikiharibika vitana vinaota mpaka miguu ya nyuma, maana kazi yake ni kuzibana jeni za Hox, zinazoamua kiungo gani kiote wapi, sehemu zisikotakiwa. Watafiti wakatafuta jeni nyingine ambayo ikipungua inzi anarudi karibu na kawaida, wakaipata brahma, na 1992 ikaonekana inafanana sana na SWI2/SNF2 ya hamira, yaani protini inayosukuma maduara! Mmoja anafunga mwingine anafungua, ukimpunguza mfunguaji basi udhaifu wa mfungaji hauumi sana. Hapa soma mara mbili, mimi ndo paliponifungua macho.

Mwisho jipime na CHD7 kwa binadamu, nayo ni protini ya kusukuma maduara. Nakala moja tu ya jeni yake ikiharibika mtoto anaweza kuzaliwa na ugonjwa wa CHARGE, moyo, macho na masikio vyote vinaguswa. Kwa nini jeni moja iguse kote huko? Kwa sababu CHD7 inahitajika kufungua jeni nyingi tofauti kwenye tishu nyingi za kiinitete, zikiwemo seli za nyurali kresti zinazosafiri kwenda kujenga uso na sehemu za moyo.