Kukodi Mashamba kwa Mradi Mkubwa wa Umeme wa Jua Nchini Kenya, Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu umetokana na kazi ya kuisaidia kampuni moja kukusanya mashamba ya familia kadhaa katika bara ya Kaunti ya Kilifi. Unamfaa mtu ambaye tayari ana mtaji na wahandisi, lakini bado hana ardhi.

Hatua ya 1: Tafuta kituo cha umeme kabla ya shamba

Waulize KETRACO, kampuni ya serikali ya njia kuu za umeme, na Kenya Power, kampuni inayosambaza umeme, ni kituo kipi chenye nafasi ya kupokea umeme wako, kisha utafute ardhi kukizunguka. Njia ya kilovolti 33 inayopita kando ya shamba isikudanganye, kwa kuwa haiwezi kubeba umeme wa mradi mkubwa, tuseme megawati 40. Unahitaji ya kilovolti 132 au 220. Kila kilomita ya njia mpya inakudai gharama ya nguzo pamoja na ruhusa ya kila mwenye shamba inamopita.

Hatua ya 2: Kadiria ekari

Mtambo wa umeme wa jua wa Garissa, wa megawati 50, una paneli 206,272 kwenye hekta 85 (kama ekari 210). Mimi hukadiria ekari 5 kwa kila megawati, ili zibaki nafasi za barabara, mifereji ya maji ya mvua na makorongo yasiyojengeka.

Hatua ya 3: Hakikisha jina lililo kwenye hati ni la mtu aliye hai

Hapa ndipo miezi hupotelea. Chukua namba ya kila shamba na ufanye upekuzi rasmi kwenye masjala ya ardhi. Usiridhike na hatimiliki unayotolewa kwenye mfuko wa nailoni, kwa sababu inaweza kuwa halali kabisa na bado shamba likawa na rehani au zuio lililosajiliwa baadaye. Mara nyingi utakuta jina la babu aliyefariki zamani, huku wana na wajukuu wakilima vipande walivyogawiana kwa maneno na kuvitenga kwa ua wa minyaa. Kwao mgawanyo ulishakwisha, ilhali kwa msajili haujaanza.

Ukikuta hali hiyo, usitie saini chochote na mtoto mkubwa wa kiume kwa sababu tu ndiye msemaji wa familia. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inakataza mtu kujiingiza katika mali ya marehemu bila mamlaka ya kisheria, na hata msimamizi aliyeteuliwa na mahakama hawezi kuuza wala kugawa ardhi kabla hati yake ya usimamizi haijathibitishwa. Familia huanza kwa barua ya chifu inayowataja warithi wote. Maombi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, watu hupewa siku 30 za kupinga, hati hutolewa, na kwa kawaida uthibitisho huombwa miezi 6 baadaye. Kwa Waislamu, Mahakama ya Kadhi pia husikiliza mirathi.

Soma barua ya chifu kwa makini kabla haijafika mahakamani. Wanaume wa familia watakuambia kwamba mabinti walioolewa hawahesabiki, lakini sheria inawahesabu, na hata mgawanyo unapofuata sharia ya Kiislamu, binti ana fungu lake. Binti aliyefichwa anaweza kuiomba mahakama ibatilishe hati ya usimamizi wakati paneli zimeshafungwa. Ninapendelea kampuni igharamie mirathi yote, ila wakili awe wa familia na achaguliwe na familia, na kazi hiyo ianze wiki ileile shamba linapochaguliwa, wala isingoje majibu ya wahandisi.

Mwenye hatimiliki akiwa hai, Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inataka ridhaa ya mwenzi wake katika ndoa ya mke mmoja kabla mali ya ndoa haijakodishwa. Penye wake zaidi ya mmoja, mimi hutaka kila mke atie saini, tena mbele ya wakili, si nyumbani kwa mume.

Pwani kuna jambo jingine lisiloonekana kwenye ramani: mwenye shamba si lazima awe mwenye miti. Minazi na mikanju inaweza kuwa ya jirani aliyeipanda kwa ruhusa ya babu, naye anatarajia fidia yake. Ihesabu miti mmoja mmoja, mwenye shamba na aliyepanda wakiwapo, na kila mti uliohesabiwa upakwe rangi na uandikwe namba.

Kuhusu mipaka, ramani nyingi za masjala ni za mipaka ya jumla, na ekari zilizoandikwa kwenye hati ni za kukadiria. Sikubali kodi ilipwe kwa vipimo vya simu wala picha za setilaiti. Aajiriwe mpimaji aliyesajiliwa, na majirani wote wawepo vigingi vinapopigwa.

Ardhi ya jamii iliyosajiliwa ina utaratibu wake: Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inadai theluthi mbili ya wanajamii watu wazima waidhinishe mkataba na mwekezaji katika mkutano wa jamii. Saini za kamati peke yake hazitoshi. Anayedhani haya ni makaratasi tu aukumbuke mradi wa upepo wa Kinangop wa megawati 60.8, uliofutwa mwaka 2016 baada ya mivutano na wakazi kuhusu ardhi.

Hatua ya 4: Mikataba miwili

Wa kwanza uliweke shamba akiba kwa malipo ya kila mwaka, familia ikiendelea kulima. Wa pili ni wa ukodishaji wenyewe, unaodumu kwa muda wa ujenzi, miaka ya kuuza umeme na muda wa kung'oa mitambo. Kodi ipande kila mwaka, na fedha za kung'oa mitambo ziwekwe benki mapema, kwa kuwa kampuni iliyofilisika haing'oi kitu. Mkataba wa Kiswahili usomwe kwa sauti kabla ya saini.

Hatua ya 5: Bodi ya Udhibiti wa Ardhi

Ukodishaji wa ardhi ya kilimo bila idhini ya bodi ni batili, na maombi hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba ufanywe. Kampuni binafsi yenye mwanahisa hata mmoja asiye raia hukataliwa, hivyo kampuni kama hizo huomba kaunti ibadilishe matumizi ya ardhi ili isihesabiwe tena kuwa ya kilimo. Mwenye shamba adai kifungu kinachoilazimisha kampuni kuyarudisha matumizi ya awali kwa gharama yake mradi ukikwama, la sivyo atabaki na shamba la mahindi linalotozwa ada za biashara.

Hatua ya 6: Vibali vya umeme

Tathmini ya mazingira hupelekwa NEMA, mamlaka ya mazingira, na leseni huombwa EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati. Kwa sera ya mwaka 2021, umeme wa jua unapaswa kuuzwa kwa mnada, kampuni zikishindania bei ya chini, kwa hiyo bei ya miaka kumi iliyopita usiitumie kupiga hesabu za kodi.

Hatua ya 7: Kabla ya uzio

Tembea na wachungaji uchore njia zao za kwenda kisimani, na uziache nje ya uzio. Udongo wa juu urundikwe kando, usichukuliwe na wakandarasi. Nyasi chini ya paneli zikatwe au zilishwe kondoo wa wenyeji. Mbuzi wasiingie, kwa kuwa hupanda juu ya paneli na kutafuna nyaya. Dawa za kuua magugu sizitaki kabisa kwenye ardhi itakayorudi kulimwa.